Herufi Nane

Mchonga mawe wa Crewkerne hutoza kwa herufi.
Penseli sikioni, vumbi la chokaa nyusini,
ananiuliza: jina la marehemu lina *e* katikati, au halina?
Maana kule makaburini, anasema, wapo wa aina zote.

Nami ndiye niliyetumwa. Wanawe wa kuzaa
wako kwenye simu, wanagombania nyumba na saa ya ukutani.
Nimekuja mimi, mke wa Adrian, Zuwena Machano,
na mwavuli uliogeuzwa ndani nje na upepo wa Februari.

Namwambia ngoja.

Mzee Desmond alinifunza jina lake
kama mtu amwonyeshavyo mgeni njia ya msalani usiku:
hapa pana kidato, hapa shika ukuta.
Jumapili jioni, chai ikipoa, alinichambulia:
*hwit*, ndiyo nyeupe, kwa ndimi za Wasaksoni;
*locc*, ndilo shungi la nywele.
Palikuwa na mtu, akasema, mchunga nguruwe pengine,
hakuwa na ngao wala ng'ombe wa kutajwa,
ila mvi zilimwahi. Majirani wakamwita kwa kichwa chake.
Utani ule akaurithi mwana mwenye nywele nyekundu,
akaurithi mjukuu mwenye kipara,
hadi pasiwe na wa kucheka.

Kisha makarani. Ah, makarani!
Wa kodi aliandika kwa sikio lake: Wytlok.
Wa kanisa, mwenye mafua: Whitloke.
Mwingine akatia *e* ya ziada kwa kuwa wino ulikuwa tele.
Wenye jina walichora alama ya msalaba tu, wakarudi shambani
bila kujua kwamba wamebadilishwa.

Wapo wataalamu wasemao si nywele hata kidogo,
ni *wihtlac*, mchezo wa jini.
Mzee hilo hakulitaka. "Jini gani acheze Somerset," alisema,
"na mvua hii?"

Nikacheka, nikamweleza langu.
Babu alizaliwa Jumatano, akaitwa Machano, basi.
Hatukuwa na jina la ukoo; tulikuwa na mtu, na baba yake, na baba wa baba.
Pale dirishani pa pasipoti afisa akauliza, "La mwisho?"
nikataja pale hesabu iliponifikisha.
Siku moja ya juma ikawa ukoo.
Mzee alinyamaza kitambo.
"Basi wewe," akasema, "karani wako ulimwona uso."

Mwezi wa mwisho nilimwosha kichwa kwa beseni,
maji ya vuguvugu, sabuni ya mtoto.
Nywele zilikuwa chache, laini kama sufi, nyeupe pe.
Kwetu husema jina jema hung'aa gizani;
lile liling'aa viganjani mwangu,
limezunguka miaka elfu, mawekundu na vipara,
likarudi kuketi pale lilipoanzia.
Sikumwambia. Povu lilikuwa karibu na jicho.

Mchonga mawe bado anangoja; penseli imeshuka mkononi.
Nje, garini, yumo Salha wangu, miaka sita,
Salha Whitlock, mabutu manne meusi tii,
anaandika jina lake kwenye ukungu wa kioo,
*k* ya mwisho imegeuka, imetazama nyuma.
Si kitu. Amepewa jina lenye subira.
Halitamdai nywele leo wala kesho kutwa.

"Bila *e*," namwambia.
Anahesabu kwa kidole juu ya karatasi: nane.
Nauliza kama hapunguzi hata kidogo.
Hapunguzi. Bei ni ile ile, anasema,
kwa bwana shamba na kwa mchunga nguruwe.