Moja Isiyoandikwa

Ayikoru karudi na daftari lenye wino mwekundu,
kalitupa juu ya udongo mbichi kama koleo.
"Mama, mwalimu Drani hajui kujumlisha.
Eksi kipeo cha pili, ongeza eksi kipeo cha pili,
mbili na mbili si nne?"

Mimi niliishia darasa la sita.
Hesabu yangu ni ya kalibu na kiganja.
Lakini swali nililisoma mara tatu,
jua la Arua limenikalia begani,
kisha nikamwambia: vua viatu, tupange.

Safu moja, matofali mangapi?
"Kumi."
Usiseme kumi. Mvua inaweza kushuka Enyau ikala mawili,
mteja wa Koboko anaweza kutaka kumi na tano.
Sema eksi, uache mlango wazi.

Sasa safu eksi, ubavu kwa ubavu,
mpaka uwe mkeka, pande zote sawasawa.
Hiyo ndiyo eksi yako yenye mbili kichwani.
Tandika mwingine kule, karibu na pipa.
Mikeka mingapi?
"Miwili."
Imeota ghorofa?
"Haijaota."
Basi ni mikeka miwili, na jioni itakuwa miwili.
Anayejumlisha anahesabu tu, hainui kitu.

"Na kuzidisha?"
Kuzidisha uliza mgongo wangu.
Mkeka juu ya mkeka, juu ya mkeka,
mara eksi, mpaka tanuri lisimame
na kimo ambacho asubuhi halikuwa nacho.
Mbili, na moja: tatu.

Akakaa kwenye ndoo, akafikiri kwa sauti.
"Na kila tofali la mkeka huu
likibebeshwa mkeka mzima?"
Nikaona uwanja wote umejaa, na barabara, na soko.
Hapo ndipo inapokaa nne yako, mwanangu.
Haikuwa ya uongo. Ilikosea nyumba.

Lakini hakuridhika, huyu hajawahi kuridhika.
"Umesema mbili na moja. Moja ipi?
Hapa pana eksi tupu, haina kitu kichwani."

Sikuwa na jibu. Nikachota maji.

Usiku, kwa taa ya sola iliyokuwa ikifa,
nilikikuta kitabu chake chini ya mto,
na chini ya ukurasa, kwa herufi za sisimizi:
kipeo cha moja hakiandikwi,
kila mtu anajua kipo.

Kila mtu.
Nikaikumbuka ile ghorofa ya Onzima kule Oli,
bamba la shaba mlangoni, majina matano,
mhandisi, fundi mkuu, mbunifu, nani na nani.
Matofali elfu kumi na nne yalitoka shimo hili.
Nilipita siku ya sherehe, nikagusa ukuta,
nikaliona tofali lenye alama ya kidole changu cha gumba.
Askari akaniuliza natafuta nini.

Nikachukua penseli.
Kila palipokuwa na eksi tupu kwenye daftari lake
nikaweka moja, ndogo, kwenye pembe ya juu.
Kurasa nne. Mkono ulitetemeka kidogo.

Asubuhi akaona, uji mdomoni.
"Mama, hizi hazihitajiki."
Najua, nikamwambia. Ziache.

Akatafuta kifutio mfukoni, akakipata,
akakirudisha.
Mawingu yalikuwa yanakuja,
na mikeka miwili bado haijafunikwa.