Beseni la Mama, Stesheni ya Nguruka

Siku ofisa alipotandaza ramani juu ya boneti la gari,
kijiji kizima kiliuinamia ule mstari mwekundu
kama watu waliokuja kumwona mtoto mchanga
wakibishana amefanana na nani.
"Serikali imeshatoa fedha," alisema.
"Chai mtakunywa Kigoma, cha mchana mtakula Tabora."
Tukapiga makofi. Nami nilipiga, sikatai.

Mama hakupiga. Mikono yake ilikuwa imejaa kambale.

Leokadia Ruhaga: miaka thelathini na moja
anauza samaki wa Malagarasi dirishani.
Behewa la tatu husimama usawa wa tangi la maji,
na hapo ana dakika nne,
noti mdomoni, chenji kwenye pindo la kanga,
akikimbia sambamba na gurudumu mpaka alipwe.
Wapo waliomponyoka.
Yule wa kofia ya bluu, elfu nane, mwaka wa mafuriko,
kila treni ikifika bado anamtafuta.

Akainua mkono unaonuka moshi.
"Hiyo treni mpya, madirisha yake yanafunguka?"

Ofisa akacheka, wala si kwa ubaya.
"Mama, ina kiyoyozi."

Usiku ule aligeuza samaki juu ya chanja, kimya.
Halafu, kama anayesema na moto:
"Dada yako nilimzalia Usinge, ndani ya behewa.
Tumekwama saa kumi na nne, daraja limekwenda na maji.
Kitovu nilikifunga kwa uzi wa gunia.
Waijenge. Waijenge upesi."
Akapuliza majivu.
"Ila wangeniuliza."

Sasa mimi navaa kofia ngumu ya njano.
Namwaga zege. Mshahara huingia kwenye simu
tarehe ishirini na tisa, haukosi,
na bati jipya la nyumba ya mama
limetoka kwenye zege hilohilo.
Niseme nini? Mkono mmoja wa reli unanilisha,
wa pili unamwondolea mama sahani,
na mikono yote miwili ni yangu.

Jana tulimaliza kipande cha jukwaa la abiria,
laini, kama uji ulioanza kupoa.
Msimamizi akasogea kando kupokea simu.
Nikatoa beseni nililolichukua alfajiri bila kuomba,
lile la bati, lenye ukingo uliopasuka,
nikaligandamiza
palepale ninapokisia behewa la tatu litasimama.

Mkaguzi akija atapiga magoti na futi yake.
Ataandika: kasoro, duara,
sentimita arobaini na mbili, chanzo hakijulikani.
Ataagiza pazibwe.

Leo asubuhi palikuwa na maji ya mvua ya usiku,
na kunguru mmoja anakunywa,
anainua kichwa, anatazama upande wa Kigoma,
anakunywa tena.