Eneo la Uso

Agosti ile tulichoma matofali elfu kumi na mbili
kwenye mteremko, chini kidogo ya Tandala,
na usiku wa pili, saa kumi na nusu,
Tulalumba akanituma ng'ambo ya bonde.
"Ukifika kwa Mahenge, nipigie."

Sakitu ilikuwa imelala juu ya matuta ya viazi.
Ndala zangu ziliivunja hatua kwa hatua.
Sikuuliza kitu. Shuleni kwake fizikia haikuwa na mwalimu
tangu Februari; dada yangu aliamua
kuwa yeye ndiye mwalimu,
na mimi ndiye darasa.

"Unaliona tanuri?"
Naliona. Nani asingeliona?
Jekundu, zito, linapumua kwa midomo yake mitatu,
na wingu la moshi juu yake limeiva kwa chini.

"Sasa tazama kushoto, penye mlingoti.
Nimechoma sindano ya magunia kwenye makaa,
nimepuliza kwa pampu ya baiskeli hadi imekuwa nyeupe.
Tanurini hamna kitu chenye moto kama huu.
Nimeiinua kwa koleo. Haraka! Unaiona?"

Sindano gani?

Akacheka. Kicheko kikanifikia mara mbili,
kwanza simuni, kisha bondeni.

"Uso," akasema. "Ni uso tu.
Kila ukucha wa sindano unang'aa
kupita kila ukucha wa tanuri.
Lakini tanuri lina kucha ngapi?
Haya, geuka nyuma yako."

Juu ya misindano ya Mahenge
Siriasi ilikuwa imeshapanda, nyeupe, inatetemeka
kama aliyetoka kuoga mtoni.
"Ubavuni mwake ipo ya pili. Usihangaike, hutaiona.
Zamani ilikuwa jua. Kuni zikaisha,
ikajikunja, ikajikunja,
hadi ikalingana na dunia hii tunayoilima.
Kijiko cha chai cha udongo wake
kingelaza Fuso ya mbao kifudifudi.
Moto wake ni mara nne ya jua letu,
lakini hauna pa kusimama ili uonekane.
Na ile nyekundu kule juu, iliyotangulia,
hiyo ndiyo tanuri: imepoa kuliko jua,
ila uso wake, ukiuzunguka, utazeeka njiani."

Akanyamaza. Nikasikia pampu ya baiskeli.
"Hapo sindano inatudanganya," akaongeza.
"Yenyewe inapoa kabla hujataja jina lako.
Nyota ile haichomi tena chochote,
inakaa na joto la jana,
joto lote lile, na mlango mmoja mwembamba wa kutokea.
Itapoa, ndiyo. Lakini sisi hatutakuwepo."

Nikalitazama tena tanuri letu.
Kesho watu wangepita barabarani wakisema,
matofali ya Tweve yameiva.
Stakabadhi za kuni zina jina la baba.
Baba alikuwa amelala.
Aliyekuwa akisukuma magogo midomoni mwa moto,
usiku wa kwanza na huu wa pili,
kitenge kimekazwa kiunoni, nyusi zimeungua,
ni mama, mwenye kimo cha jembe lake.
Toka kwa Mahenge
sikumwona.

Sikumwambia Tulalumba hilo.
Nilisema tu kwamba salio linaisha.

Niliporudi, mashariki ilikuwa imepauka
na mama alikuwa akifukua viazi majivuni.
Sindano ilikuwa juu ya jiwe, karibu na makaa,
ya kijivu, imezimika, kama sindano yoyote ile.
Nikaiokota nimrudishie,
maana ni yake, ya kushonea magunia.

Alama bado ninayo, kidole cha shahada.
Mama aliushika mkono wangu, akaupuliza,
na kiganja chake, ambacho sikuwahi kukiwaza,
kilikuwa cha moto kiasi
kwamba nilisahau kulia.