Karatasi ya Mahudhurio

Siku ya tatu ya mafunzo, Kitangari.
Ghala la chama cha msingi linanuka bado
korosho za msimu uliopita.
Ubaoni nimeandika kwa chaki ya kijani:
tunza ardhi, tunza watu, gawa ziada.
Mlangoni, ada: elfu thelathini.

Somoe Chilumba hana.
Amekaa nje, chini ya dirisha, jembe magotini,
anasikiliza habari za mtaro wa kukinga maji
nilioukuta kwake, kwenye mteremko wa mbaazi,
mwaka ule ndoo ya maji ilipoizidi soda kwa bei.
Niliupima kwa hatua, nikauchora,
nikaupa jina la kitabuni.

Sikusema uongo.
Nilisema tu, "utafiti unaonyesha."

Mchana wali kuku. Washiriki wanaulizia posho,
nami najiuliza: ziada ni ipi?
Kile kinachobaki nikishashiba,
au hiki nilichokiuza
mwenyewe akiwa dirishani?

Jioni nashika karatasi ya mahudhurio.
Penye "mkufunzi" nakata jina langu, naandika lake.
Penye "namba ya cheti" naacha wazi.
Ofisi ya Mtwara itairudisha, najua,
na wino mwekundu: huyu ni nani?

Nikamwomba kesho atufundishe, shambani kwake.
Hakujibu haraka. Alitazama viatu vyangu.
"Uje na jembe," akasema.
"Na hizo elfu thelathini, uwarudishie."

Nimerudisha za watu kumi na tisa.
Za watatu nilishazila.