Chumba cha Kamwokya

Byarugaba kaja na daftari lake:
laki tatu, kuanzia Januari.
Chumba ni kile kile;
mvua ikinyesha, ndoo mbili na sufuria.

Ng'ambo ya barabara ni Kololo.
Huko napiga pasi mashuka ya wageni
wanaolipa kwa usiku mmoja
kodi yangu ya miezi miwili.

"Hamia Matugga, mama Apio. Kuna hewa."
Hewa ipo, sikatai.
Lakini zamu yangu huanza saa kumi na mbili alfajiri,
na hewa hailipi nauli.

Nikamwambia, andika.
Akaketi kitandani, maana pengine hapana,
akaandika polepole,
akaomba maji.
Nikampa kwa kikombe kizima.
Tunacho kimoja.