Barafu Pajani

Wa kwanza namkumbuka kwa dari:
vibao vyeupe kumi na vinne, kimoja chenye doa
la maji, umbo lake kama sikio la mbwa.
Hicho ndicho nilichokitazama saa kumi na tisa,
miaka mitano iliyopita, hapa hapa Łódź,
usiku ambao daktari wa ganzi alikuwa mmoja
kwa hospitali nzima, naye yuko kwenye upasuaji.
Gniewko alipotoka nikaulizwa: unamwona?
Nikajibu ndiyo. Sikumwona.
Nilikuwa bado darini.

Mara hii nimekuja na theluji viatuni
na neno moja mdomoni, nimelishika
kama tiketi: sindano.
Nimelitaja mapokezini, nimelitaja kwenye lifti,
mkunga nikamwambia kabla hajauliza jina langu.
Mama akanivuta mkono, aibu imemjaa:
"Mimi nilikuzaa mwaka wa foleni za nyama,
sikupewa hata kikombe cha maji.
Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."
Kuujua nimeshaujua, Mama.
Mtihani huo nilishafaulu. Sirudii darasa.

Saa tisa usiku akaja Daktari Halszka,
mfupi, soksi zake si za jozi moja,
pumzi yake inanukia chungwa.
Kaa ukingoni, akasema, kunja mgongo
kama paka aliyeudhiwa,
na lolote likija, usitikisike.
Likaja. Lilikuja lote, katikati ya kazi yake,
kutoka kiunoni likapanda mpaka menoni.
Nikauma kola ya sweta ya Ziemowit.
Sikutikisika.
Mimi huendesha tramu namba kumi na mbili;
najua kutulia huku vyuma vinapiga kelele.

Kisha kitu kama uzi wa maji baridi
ukateremka mgongoni,
na plasta ndefu mpaka begani.
Ngoja, akasema. Robo saa.

Uchungu sikuusikia ukiondoka.
Niliona tu, kwenye karatasi ya mashine,
wino unapanda mlima mrefu kuliko yote,
nikauliza: huyo ni nani, mgonjwa wa jirani?
"Ni wewe," mkunga akasema.
Mimi! Dhoruba yangu mwenyewe
naitazama kama mvua ya mji mwingine.

Halszka akapitisha kipande cha barafu pajani.
Baridi?
Mkono wako nauhisi. Baridi siihisi.
Nikacheka. Nilicheka nikiwa leba,
na Ziemowit akageuka kama aliyesikia
mtu akipiga mluzi msibani.

Nikalala. Hilo niliandike peke yake:

nikalala.

Dirisha lilipopata rangi ya kijivu
tramu za kwanza zikapita chini bila mimi.
Sukuma sasa, mkunga akasema, nami nilijua wapi,
kwani mguso haukwenda popote,
uzito ulikuwepo, kichwa kilikuwepo,
nilikihisi kikigeuka kama ufunguo.
Kilichokosekana ni kisu tu.

Kalina alitoka saa moja kasoro dakika nane,
nikamwona. Nilimwona, jamani, nikamwona:
utando mweupe kwenye mikunjo ya shingo,
nyusi moja imelala kinyume,
ulimi unatetema kabla sauti haijafika.
Dari? Sijui hata lina vibao vingapi.

Mama alikuwa amekaa karibu na dirisha,
kofia yake ya sufu magotini.
Nilingoja aseme kuna kitu nimepunjwa,
kwamba upendo una bei na mimi nimekopa.
Akaja, akapapasa mguu wangu
uliokuwa bado mzito kama gunia la viazi.
"Wewe sikukuona," akasema.
"Niliona saa ya ukutani."

Akanitazama basi,
amechelewa miaka thelathini na sita,
akaanzia utosini, akashuka polepole,
akihesabu vidole.