Hesabu ya Vidaka

Mcha anapita na daftari la serikali,
mabuti yameshika tope la mikoko,
anahesabu kima: kumi na tisa, ishirini,
na yule mchanga aliyeng'ang'ania tumboni mwa mamake.
"Shikamoo, shangazi."
"Marahaba. Na vidaka vyangu umevihesabu?"
Anacheka. Daftari halina safu ya vidaka.

Mimi ninayo, nyuma ya mlango,
mistari ya makaa ukutani.
Minazi kumi na mmoja:
kidaka hakifiki kitale,
kitale hakifiki dafu,
na nazi ya mchuzi nanunua Kitogani,
mimi, mwenye shamba Pete.

Bibi yangu aliwaita punju.
Mti wakiulalia, alisema, hufa,
na mbwa akimla mmoja hunyonyoka manyoya.
Basi hatukuwala, tukawatupia mawe.
Siku hizi jiwe nalo lina faini.

"Wageni wanalipa getini," Mcha ananambia,
"na fungu lenu lipo."
Tumeliona fungu letu:
bomba, tangu mwaka juzi,
ukilifungua linapumua.

Jana alfajiri nilitoka na kombeo la Simai.
Jikoni kaketi kama mtu wa nyumba,
mgongo mwekundu, nywele nyeupe zimemsimama kipajini,
mkono umo ndani ya polo la makaa.
Anachagua. Hili kaliacha. Hili kalinusa,
akalitia mdomoni, akalitafuna taratibu,
macho yamemlegea.
Majani ya mwembe yanamchoma tumbo,
na makaa ndiyo dawa yake. Mcha kasema.

Nami nilipokuwa na mimba ya Kidawa
nilikuwa nikibandua udongo wa ukuta huu huu,
usiku, kwa kucha,
Simai akidhani ni panya.

Kombeo likaning'inia.
Nikamwambia, "Moja. Moja tu, halafu ondoka."
Kachukua mawili.

Wala simdai sana. Polo lile, wacha niseme,
halikutoka Mjini.
Shemeji alilishusha saa nane za usiku
na harufu ya msitu ingali mbichi ndani yake.
Mcha kalitazama,
kafunga daftari.

Kesho nitafunga makopo minazini
yagongane upepo ukivuma.
Na ukutani nishapiga mistari miwili,
mbali kidogo na ile ya vidaka.
Safu yake sijaipa jina.